Hotspoti Yangu na Ng'ombe wa Mama

Leo nimeaibika mchana kweupe, ukweni kwa mdogo wangu, nikiwa nimevaa kitenge kipya na viatu vyeupe. Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, maana waliokuwepo wana simu na wana midomo. Mama mdogo, najua wewe huwaga wa kwanza kusoma. Weka kikombe cha chai chini kwanza.

Kwa wageni wa ukurasa huu: naitwa Nyamisi, nauza ndoo, mabeseni na madumu hapa Mwisenge, Musoma. Kwetu ni Kiriba. Mdogo wangu Masatu, dereva wa bodaboda, anaoa binti wa Butiama anayeitwa Wakuru. Mahari imeshatoka karibu yote. Alikuwa amebaki ng'ombe mmoja tu, lakini ndiye mwenyewe hasa: ng'ombe wa mama. Huyo anapewa mama mzazi wa binti, kwa uchungu wa kuzaa na kazi ya kulea. Hapelekwi ng'ombe wa hovyo. Mama akimwangalia akasema "sijapokea," basi hata pasta hafungishi ndoa, kwa sababu pasta naye ana mama. Na harusi ni mwezi ujao! Kadi zimeshasambazwa. Masatu amekonda kwa mawazo mpaka helmeti inamzunguka kichwani.

Sasa nani anunue ng'ombe? Wanaume wa ukoo wakasema twende mnadani. Nikawaambia, jamani, nyie mnaishi zama zipi? Niachieni mimi! (Hapo ndipo nilipojitia kitanzi.)

Mnanijua. Mimi huwaga nafanya kila kitu kwa simu. Mzigo wangu wa mabeseni unatoka Mwanza sijamwona hata muuzaji. Leseni ya biashara nimeikata kwa simu. Cheti cha kuzaliwa cha mwanangu nimekiombea mtandaoni nikiwa nasubiri dagaa waive. Ng'ombe ni nani mpaka anishinde?

Baba mdogo Bwire, mumeo huyo mama mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu kwenye shughuli hii, akanicheka mbele ya watu.

"Binti, ng'ombe ananunuliwa kwa macho. Unamshika kiwele, unamfungua mdomo, unamtembeza."

"Baba mdogo, siku hizi ng'ombe ana hereni ya kielektroniki. Kila kitu kiko kwenye mfumo. Kazaliwa lini, kachanjwa nini, ni wa nani."

"Ndiyo maana mimi hiyo hereni siipendi," akasema. "Ng'ombe ya mtu haitangazwi."

Kama wewe si wa huku kwetu, nikufafanulie kidogo. Wazee wa Mara hawawekagi ng'ombe wao wote kwenye zizi moja. Huyu anafugwa kwa rafiki kijiji hiki, wale wanafugwa kwa rafiki kijiji kile. Rafiki anakunywa maziwa, mwenyewe anabaki na mali yake. Ugonjwa ukipita zizi moja, mzee hafilisiki. Na ukimuuliza ana ng'ombe wangapi, anakohoa, anakuuliza mvua imenyesha huko kwenu? Mimi niliona hayo ni mambo ya kale, nikayapita.

Nikaingia kwenye grupu la wauza mifugo. Weee! Ng'ombe wamejipanga kwenye picha! Kulikuwa na mmoja wa mtu wa Nyamuswa, mkubwa, kiwele hiki hapa, bei nafuu, lakini hana hereni. Na kulikuwa na mtamba mmoja wa Bunda, wa kahawia, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, hereni ya njano sikioni. Mdogo kidogo, ghali kidogo. Masatu akasema tuchukue yule mkubwa. Nikamwuliza, wewe pikipiki unaweza kununua haina kadi? Tukachukua mwenye hereni.

Muuzaji anaitwa Maiga, mkulima wa pamba huko Bunda. Nikampigia video. Ndiyo, nilimpigia ng'ombe video! Nikamwambia Maiga amgeuze nimwone nyuma. Akamgeuza. Nikamwambia amtembeze. Akamtembeza. Ng'ombe akaja akalamba kamera, nikaona ulimi tu. Nikasema huyu ana tabia nzuri, namchukua.

"Ni wa kwako?" nikamwuliza Maiga.

"Ni wa rafiki yangu, mimi namfugia tu. Kanituma nimwuzie."

Rafiki gani? Sikuuliza. Niliuliza kama ng'ombe anakula majani ya viazi.

"Ila dada," Maiga akasema, "jina la kwenye hereni tutalibadilisha baadaye. Mtandao leo unasumbua."

"Haina shida," nikamjibu. (Mimi! Mimi ninayerudisha beseni Mwanza kwa sababu lina mkwaruzo!)

Kibali cha kusafirisha mifugo nikakiombea kwa simu, kontro namba ya malipo ikaja, nikalipa nikiwa nakaanga mayai. Nikapiga picha ya skrini nikaituma kwenye grupu la ukoo. Nikaandika chini: "Wengine bado wanafungua midomo ya ng'ombe." Baba mdogo alisoma.

Basi leo ndiyo siku yenyewe. Tumetoka Musoma asubuhi, mimi, Masatu, baba mdogo na shangazi wawili, tukakutana na kigari cha kirikuu kilichombeba ng'ombe pale Makutano, tukaongozana mpaka Butiama. Baba mdogo alimchungulia ng'ombe kwenye kirikuu, akamwangalia sana, akasema, "Kwa ng'ombe ya simu, siyo mbaya." Nilivimba kichwa mpaka kilemba kikabana.

Nyumbani kwa kina Wakuru wametupokea vizuri. Mzee Wambura, baba mkwe wa Masatu, ni mzee wa koti na fimbo, mwenye heshima zake, mzee wa kanisa. Mama Wakuru ni mwembamba, haongei sana, lakini akikuangalia unakumbuka dhambi zako. Majirani walikuwa wamejaa. Alikuwepo pia ofisa mifugo wa kata, dada mpole anayeimba kwaya na Wakuru, kaja kama mgeni mwalikwa tu, kabeba na mkoba wake wa kazi. (Mkoba huo! Angeuacha nyumbani leo nisingekuwa naandika haya.)

Wakatuletea maji ya kunawa. Mama Wakuru mwenyewe akamimina, kidogo kidogo.

"Nisameheni, wanangu, maji ya kubeba haya. Kutoka kisimani mpaka hapa ni kilima. Simtanki la maji nimeliombaga tangu Wakuru yuko shule ya msingi. Mzee anasema ng'ombe za kuuza hakuna, zilikwisha."

Mzee Wambura akakohoa. "Ugonjwa," akasema. "Ugonjwa mbaya ule, uliwamaliza."

"Na Jumamosi zote yuko Bunda," mama akaendelea kumimina, "anaangaliaga shamba la pamba. Pamba yenyewe sijawahi kuiona hata ya kuziba sikio."

Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi nikacheka sana, nikijipendekeza ukweni.

Kisha ng'ombe akashushwa. Kwetu aliyenunua ndiye anayeshika kamba mpaka mama apokee, kwa hiyo mimi huyo, na viatu vyangu vyeupe, nikatembea na ng'ombe katikati ya uwanja. Vigelegele! Masatu alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika helmeti kama mtoto ameshika sahani. Nikamwona Mzee Wambura anamwangalia ng'ombe. Fimbo ikamponyoka mkononi ikaanguka chini.

Nikajisemea, uzuri wa ng'ombe wangu umemmaliza nguvu.

"Ng'ombe mzuri!" akasema mzee, haraka haraka. "Amepokelewa! Mwingizeni zizini! Watu wana njaa, ugali unapoa!"

Lakini ng'ombe hakutaka zizini. Alinivuta kamba mkononi, akanikokota mpaka kwa mzee, akachomeka pua kwenye mfuko wa koti lake, akaanza kulamba. Mzee akamsukuma. Ng'ombe akarudi. Mzee akazunguka nyuma ya kiti. Ng'ombe akazunguka naye. Na mimi nyuma na kamba.

"Mnaona?" nikapaza sauti, ili na wa nyuma wasikie. "Hata ng'ombe kamjua baba mkwe kuwa ni mtu mwema!"

Vigelegele tena. Baba mdogo Bwire hakucheka. Alimwangalia ng'ombe, akamwangalia mzee, akaanza kujifuta jasho shingoni. Mimi nikadhani ni jua.

Mama Wakuru akasimama. Akamzunguka ng'ombe taratibu. Akamshika kiwele, akapapasa mgongo, akamwangalia machoni. Masatu alikuwa hapumui.

"Ng'ombe ni mzuri," akasema. "Ametoka wapi?"

Jibu lilikuwa rahisi. Ningesema "Bunda, mama," nikakaa, tukala. Lakini mimi nilikuwa na hotuba niliyoiandaa tangu jana.

"Mama," nikasema, "sisi hatukukuletea ng'ombe wa kuokotwa mnadani. Huyu ana hereni ya kielektroniki. Historia yake yote iko kwenye mfumo wa serikali. Na bahati nzuri ofisa mifugo yuko hapa hapa. Naomba asome, ili wewe mwenyewe usikie kwa masikio yako ng'ombe wako ni nani!"

"Ya nini hayo?" Mzee Wambura akadakia. "Sisi sasa ni ndugu. Ndugu wanaaminiana!"

"Hapana, baba," nikamjibu kwa adabu zote. "Ni haki yenu mjue."

"Tunajua, mwanangu. Tunajua! Sisi tumeridhika kabisa!"

"Baba, tusione aibu na maendeleo."

Baba mdogo akanikanyaga mguu. Nikadhani kateleza. Nikausogeza. Akanikanyaga tena, na safari hii kwa kisigino. Nikamwangalia, nikamwona anatikisa kichwa, macho yamemtoka. Nikasema moyoni, wivu huu, baba mdogo, utakuua.

Dada ofisa mifugo akatoa kimashine chake cha kusomea hereni, akakiunganisha na simu, akakisogeza kwenye sikio la ng'ombe. Kikalia. Akaangalia simu. Akangoja. Akainyoosha simu juu. Akangoja tena.

"Samahani," akasema, "hapa mtandao wangu haushiki."

"Bwana asifiwe!" akasema Mzee Wambura, kwa sauti ya kutoka ndani kabisa. "Basi tena. Mungu hajapenda. Twendeni mezani."

Na watu wakaanza kuinuka! Jamani, watu walikuwa wameshainuka! Ugali wa muhogo naunusa, sato wanaunguruma kwenye mafuta, ng'ombe kaanza kula majani, Masatu kaanza kupumua. Mungu mwenyewe alikuwa amenifungulia mlango nitoke.

"Subirini!" nikapiga kelele. "Mimi nina bando! Nawasha hotspoti!"

Nikawasha. Nikamtajia dada neno la siri mbele ya watu wote. Mzee Wambura akakaa kwenye kiti polepole, akaitazama simu yangu kwa huzuni ambayo sikuielewa.

Mtandao ukashika, tena kwa kasi nzuri. Dada akaanza kusoma: "Jike. Rangi kahawia. Baka jeupe usoni. Chanjo amekamilisha." Kila neno nageuka kuwaangalia watu, natabasamu. "Mmiliki..."

Akaangalia simu. Akamwangalia Mzee Wambura. Akaangalia simu tena.

"Soma, dada!" nikasema. "Soma kwa sauti!"

"Dada, labda tukaongee pembeni."

"Pembeni kwa nini? Sisi hatuna cha kuficha!"

Dada wa watu akasoma. "Mmiliki ni Wambura Magesa. Wa Butiama. Kitongoji hiki."

Ng'ombe peke yake ndiye aliyekuwa anatafuna.

Akili yangu ilikuwa bado njiani inakuja. "Mtandao umekosea," nikasema. "Zima, uwashe." Akazima, akawasha. Akasoma tena. Wambura Magesa. Kitongoji hiki. Na akaongeza, masikini, kwa kutaka kusaidia, kwamba hata namba ya kitambulisho cha taifa ni ya mzee, na simu ya mzee, na kwamba ng'ombe huyu kasajiliwa na wenzake.

"Wenzake?" akauliza Mama Wakuru.

"Ndiyo, mama. Wenzake wa Bunda."

"Wako wangapi?"

"Mama, hizo ni taarifa binafsi za mwenye mifugo."

"Mwanangu," akasema Mama Wakuru, "mtu binafsi wake ni mimi. Nimemfulia soksi maisha yangu yote."

Lakini kabla hajajibiwa, kaka zake Wakuru wakasogea. Vijana wakubwa, wenye fimbo za kuchungia. Mmoja akauliza swali ambalo hapa kwetu Mara hutaki kuulizwa ukiwa umeshika kamba.

"Ng'ombe ya baba imefikaje mkononi mwako?"

Yesu na Maria! Wizi wa ng'ombe! Mnajua jina hilo likikushika huku halitoki, wajukuu zako watazikwa nalo. Kanga zikaanza kufungwa viunoni. Shangazi mmoja wa bibi harusi akapasua sauti: "Wametuletea ng'ombe yetu wenyewe! Wametulipa kwa mali yetu!" Wengine wakaitikia, ikawa wimbo, na makofi juu. Wakuru alikuwa mlangoni analia. Masatu akanishika mkono.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, "ulisema hana kasoro."

Hapo ndipo machozi yaliponitoka, siwafichi. Hii si mechi ya mimi na baba mdogo tena. Mtoto huyu mama yetu aliniachia mimi nimlee. Amempenda binti wa watu tangu wakiwa wanasoma, na mimi na maringo yangu namvunjia nyumba kabla haijajengwa. Nikamtazama Mzee Wambura aseme neno. Mzee alikuwa anatazama mlima.

"Nimenunua!" nikalia. "Nimemnunua kwa mtu wa Bunda, kwa hela halali! Nampigia sasa hivi!"

"Usimpigie!" akasema Mzee Wambura, akasimama ghafla.

"Nampigia, baba, na naweka spika watu wote wasikie!"

(Ndiyo. Spika. Mwenyewe.)

Simu ikaita. Maiga akapokea, sauti ya furaha, uwanja mzima ukaisikia.

"Dada wa Musoma! Ng'ombe kafika salama? Hela usiwe na wasiwasi, mwenyewe mzee Wambura kashaipata yote. Tena ukionana naye huko Butiama mwambie ile TV kubwa tumeshaichukua dukani, fundi anaifunga ukutani hapa kwangu sasa hivi. Kesho mechi, asichelewe!"

Nikakata simu. Niliikata taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Basi sasa kila mtu akaelewa, na mimi wa mwisho. Wizi hakuna. Mzee ng'ombe wake hawakumalizwa na ugonjwa wowote, wako Bunda kwa rafiki yake wananenepa. Aliwasajili kwa jina lake mwenyewe kwa kuogopa rafiki asije akamdhulumu. Na kila Jumamosi shamba la pamba ni kochi la Maiga na mpira wa miguu. Sasa kaona kitivii cha Maiga ni kidogo, akauza ng'ombe mmoja kimya kimya. Ng'ombe akapita kwenye grupu, akapita kwenye simu yangu, akarudi kulamba mfuko wa koti ambamo mzee anawekaga chumvi.

Kaka zake Wakuru wakashusha fimbo. Wakawa wanatazama chini, mabega yanatikisika. Mzee wa watu alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, mdogo kuliko koti lake. Nilimwonea huruma, kweli. Mimi ndiye niliyemvua nguo, tena kwa bando langu.

Tukamngoja Mama Wakuru. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amefumba macho. Nikajua anatafuta maneno ya kutufukuza. Kumbe anacheka! Alianza kwa ndani, mabega kwanza, halafu ikamtoka, akacheka mpaka akajifuta macho na kanga.

"Baba Wakuru," akasema alipotulia.

"Naam."

"Mimi nabebaga maji kichwani, wewe una ng'ombe wana anwani?"

Mzee akaanza kupangusa fimbo kwa mkono wa koti.

"Wanangu wa Kiriba," akatugeukia, "ng'ombe mmenunua, hela mmetoa. Sina neno na ninyi. Ng'ombe ya mama nimepokea."

Vigelegele! Masatu alikaa chini kwenye vumbi, hapo hapo, helmeti mapajani, akalia waziwazi. Wakuru akakimbia kutoka mlangoni akamsahau baba yake, akasahau na mila, akamwinua. Hata mimi nililia upya.

"Lakini," akasema mama, na vigelegele vikakatika, "dada wa mifugo, njoo. Andika jina langu kwenye hiyo hereni. Sasa hivi, mtandao ukiwa bado upo. Mzee athibitishe kwenye simu yake mbele yangu." Mzee akathibitisha. "TV ije hapa nyumbani, na mimi napenda mpira. Na ng'ombe mmoja wa wale wenzake auzwe, nipate simtanki. Kubwa."

(Mnajua nauza vyombo vya plastiki. Nikafungua mdomo. Baba mdogo akanikanyaga, na safari hii nikafunga.)

"Na huyu," mama akaninyooshea kidole, nikajua yangu imefika, "huyu binti wa hotspoti aje akae hapa na mimi."

Nikakaa kwenye mkeka miongoni mwa wanawake, nikijiandaa kutukanwa. Hakuna aliyenitukana. Jirani mmoja akaniinamia sikioni: "Mwanangu, hako kamashine kanaweza kusoma na ng'ombe wa mume wangu?" Mwingine nyuma yake: "Bando lako limebaki kiasi gani?" Jamani, mpaka sahani zinatolewa, yule dada ofisa mifugo alikuwa amezungukwa na wanawake anagawa namba ya simu, anasema taratibu ni hizi na hizi, na wanaume wa kitongoji wamesimama mbali karibu na zizi, wananitazama mimi. Wakati wa kuaga nilinyoosha mkono niwape. Waliupokea wachache sana. Watoto walinisindikiza mpaka kwenye gari wakiimba: "Hotspoti! Hotspoti!" Ndiyo jina langu ukweni sasa. Kwenye harusi mtalisikia kwenye kipaza sauti.

Mzee Wambura alinifuata mlangoni mwa gari. Nikapiga magoti nimwombe radhi. Akaniinua.

"Binti," akasema, "wewe ni mtu mkweli sana." Akafikiri kidogo. "Ila usije siku ya Jumamosi."

Njiani kurudi nilikuwa nasubiri baba mdogo Bwire anicheke, ana haki, asubuhi nzima nilimringia. Tukapita Makutano. Tukaliona ziwa. Ndipo akakohoa.

"Nyamisi."

"Baba mdogo."

"Hiyo hereni... inaweza kuvuliwa?"

"Inavuliwaje? Kwenye mfumo jina linabaki."

Akatazama dirishani. Akajifuta jasho shingoni, na jua lilikuwa limeshapoa.

"Mambo ya leo," akasema, "mama yako mdogo asiyasikie. Atasumbuka bure, na presha yake ile. Niapie."

Nikamwapia. Nilimwambia baba mdogo, mdomo wangu huu hautamwambia, na mimi mtu nikiapa nimeapa. Kweli, sijamwambia. Nimeandika tu.

Jamani msinicheke, viatu vyangu vyeupe navisugua mpaka sasa na mavi ya ng'ombe hayatoki. Na mama mdogo, ukimaliza kusoma angalia inboksi, nimekutumia namba ya ofisa mifugo. Ukikosa bando niite. Nitakuja kukuwashia.